Kabla ya Kulipia Nyumba Mpya

Wanakikundi, rangi mpya huficha mengi. Kule Huruma, Nairobi, jumba la orofa sita kando ya mto lilianguka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, likaua watu zaidi ya 40.

Muulizeni muuzaji: plani ilipitishwa na kaunti? Kontrakta ameandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi? Majibu yawe ya karatasi, si ya mdomo. Kisha kwaruza ukuta kwa msumari. Mchanga ukimwagika ovyo, simiti ilipunjwa. Nyufa nyembamba za plasta si neno sana. Ufa unaoingia kidole, huo muitieni mhandisi.

Na pesa msimalize zote! Mkataba useme mnabaki na sehemu mpaka msimu mmoja wa mvua upite, muuzaji arekebishe panapovuja, ndipo alipwe salio.