Mwendo wa Watoto

Andiko: Mwanzo 33:12-14

Yakobo anatoka kwa Labani baada ya miaka 20. Esau amekuja na wanaume 400, na sasa anataka waandamane. Yakobo anakataa kwa heshima. Watoto wake ni wadogo na mifugo inanyonyesha. Wakikimbizwa hata siku moja, kundi litakufa. Atakuja polepole, kwa mwendo wa watoto. Kumbuka, huyu ni mtu aliyeshindana usiku kucha akatoka anachechemea. Anajua maana ya safari ngumu.

Andiko hili nililielewa vizuri zaidi likizo ya Agosti, nilipopanda Mlima Kenya na mama watoto na watoto wetu wawili. Kutoka Kaaga tulipitia Nkubu hadi Chogoria, tukaingia msituni mpaka lango la mbuga, karibu mita 3,000 juu ya bahari. Tulikuwa tunaenda kwenye maporomoko ya Mto Nithi, ule ule tunaovuka darajani tukienda Chuka. Huko juu bado ni mto mdogo, unaanguka mwambani na kutulia kwenye kidimbwi chenye maji baridi sana.

Huko hewa ni nyembamba. Ukiharakisha, kichwa kinauma na unasikia kutapika. Dawa ni kupumzika, na ikizidi, kushuka. Kwa hiyo mwelekezi wetu alitupanga: kitinda mimba wa miaka 8 mbele, kijana wa miaka 16 nyuma kabisa na mzigo mkubwa. Kijana alinung'unika, “Kwani tutafika lini?” Lakini tulifika, wote wanne.

Jioni tukiwa nje ya hema, kijana akaniuliza: “Baba, nikikataa kuokoka, nitabaki mtoto wenu?”

Swali hilo halikuwahi kutoka nyumbani, pamoja na ibada zetu zote za jioni. Nikamwambia, “Wewe ni mwanangu. Hilo halina masharti.” Usiku huo sikumhubiria. Tulimsikiliza mpaka akamaliza. Naandika haya kwa ruhusa yake. Bado hajaamua. Tunaomba, na tunatembea naye.

Tujifunze mambo matatu:

1. Mwenye nguvu akae nyuma. Mzazi aliyeomba na kufunga miaka mingi asimwache mtoto aliyeanza jana. Ukiwa mbele sana, hutamwona akianguka.

2. Kupunguza mwendo si kugeuza njia. Yakobo hakurudi kwa Labani. Na sisi hatukuyaleta maporomoko chini. Tulipunguza hatua tu. Neno la Mungu halishushwi, ila mtoto anapewa muda wa kulifikia.

3. Tengeni mahali pa utulivu. Katika Marko 6:31 Yesu aliwaita wanafunzi wake kando wapumzike, maana hata nafasi ya kula hawakuwa nayo. Si lazima upande mlima. Hata shambani jioni, simu zikiwa zimezimwa, mtoto anaweza kufungua moyo.

Maswali ya nyumbani
- Nani katika familia yetu amebaki nyuma, na nani amemwona?
- Ni swali gani mtoto wangu anaogopa kuniuliza?
- Wiki hii tutatenga saa gani ya kusikilizana?

Tuombe: Bwana, tupe uvumilivu wa Yakobo, tusimpoteze hata mmoja njiani. Katika jina la Yesu, Amina.