Bomba Kando ya Mlango: Niliyojifunza Petite Barrière Kuhusu Usalama wa Maabara

Kila mwaka wanapowasili wanafunzi wapya katika maabara ya chuo ninayoisimamia, na kila mara mwenzangu wa chuo kingine anaponipigia simu kuniuliza aanzie wapi katika kazi hii ya kuwalinda watu na vijidudu wanavyovifuga kwa ajili ya elimu, huwapa wote jibu moja ambalo mwanzoni hulidhania mzaha: nendeni Petite Barrière, msimame kando asubuhi mapema, mtazame mikono ya watu. Vitabu nimevisoma, na vyeti viwili vitatu vimetundikwa ukutani kwangu, lakini nusu iliyo bora ya ninayoyajua niliiokota pale, miguuni nimevaa buti la mpira na mkononi nimeshika mti wa kukorogea pipa.

Asiyepajua mahali hapa na afahamu kwamba mpaka wa Rwanda na Kongo unapita katikati ya makazi ya watu, huku Gisenyi na kule Goma, na kwamba milango yake miwili haifanani: ule mkubwa ulio karibu na ziwa ni wa magari na wasafiri wenye pasipoti, ilhali huu mdogo, unaotazamana na Birere, ni wa watu wa miguu, nao kwa siku ya kawaida huvukwa na makumi ya maelfu ya watu, wengi wao akina mama wenye nyanya, karoti na mayai vichwani, pamoja na walemavu waendeshao kwa mikono baiskeli za magurudumu matatu zilizopakiwa magunia hata mwenyewe haonekani. Ebola iliyotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 iliwapata watu 3,470 na kuwaua 2,287 kabla haijatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Na Julai 2019 mgonjwa wa kwanza alipothibitishwa Goma, mwendo wa miguu kutoka kwetu, wengi tuliamini kwamba zamu yetu imewadia. Rwanda haikupata mgonjwa hata mmoja wa mlipuko ule. Mimi nilijitolea zamu langoni, na kazi niliyopewa ilikuwa ya chini kabisa, nayo ni kuchanganya maji ya klorini na kuhakikisha mapipa hayakauki.

Asubuhi moja alikuja mzee mmoja na baiskeli yake ya magurudumu matatu, akanyoosha mikono kuelekea bomba, ikapungua kama shubiri mbili, kwa maana bomba lilifungwa kwa kimo cha mtu aliyesimama. Akanitazama, akasema kwa Kiswahili cha Goma, pasipo hasira, "Kijana, nikikosa kunawa, kosa ni la nani?" Nikachota maji kwa jagi nikamwagia, naye akapita, walakini swali lile halikupita. Kwa muda wa wiki nzima nikawa natazama ni nani anayekwepa maji, nikaona kwamba wakaidi ni wachache mno, na kwamba wengi wanaokwepa ni wale ambao maji yako mbali nao, au juu yao, au foleni yake ni ndefu kiasi cha kuwaozesha nyanya. Njia za panya hazikuchimbwa na waovu. Zilichimbwa na watu wenye haraka, na njia halali ikirefuka kupita kiasi, hata mcha Mungu huanza kuulizana na wenzake mahali pa kupenya.

Niliporudi maabara nikaingia kwa macho mapya, nikaona haya. Karo la kunawia lilikuwa mwisho wa chumba, nyuma ya friza, hata mwanafunzi atokaye ilimbidi arudi ndani hatua kumi na mbili ili anawe, kisha azifuate hatua zile zile kutoka. Vigingi vya kutundikia makoti vilikuwa nje, ukumbini, kwa hiyo makoti yalitembea hadi kantini. Na juu ya mlango palikuwapo karatasi yenye kanuni 23, niliyoiandika mwenyewe kwa fahari, ambayo hapana aliyewahi kuisoma hadi ya saba. Nilimwomba fundi bomba alihamishe karo kando ya mlango, vigingi nikavitia ndani, na kanuni nikazipunguza zikabaki tano: hapana kula wala kunywa, hapana kuvuta pipeti kwa mdomo, koti halitoki, simu haiguswi kwa glavu, na mikono hunawiwa kabla ya kitasa kushikwa. Tangu hapo sijapata haja ya kumkaripia mtu kwa ajili ya kunawa, jambo ambalo mikaripio yangu ya miaka minne haikuweza kulileta.

Hilo ndilo la kwanza ningemwambia yeyote apewaye dhamana hii. La pili ni kujua unachokifuga. Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu chake cha usalama wa maabara mara ya kwanza mwaka 1983, na katika toleo la nne la mwaka 2020 likaacha kumlazimisha msomaji aanze na madaraja ya majengo, likamtaka aanze na swali: ni kijidudu gani, unakifanyia nini, nani anayeifanya kazi hiyo, na likitokea la kutokea litakuwa kubwa kiasi gani? Kukisugua kijidudu juu ya kioo si sawa na kukizungusha kwenye mashine inayotawanya vitone hewani, hata kama kijidudu ni kile kile. Sisi tunapima maji ya ziwa na ya visima, tukitafuta vimelea vya kuhara na hasa vya kipindupindu, ambacho watu wa pande hizi hatuna haja ya kusimuliwa, maana Julai 1994 kiliwafyeka wakimbizi huko Goma kwa maelfu. Kijidudu hicho hupita kinywani, wala hakiruki hewani. Kwa hiyo sabuni, glavu na nidhamu ya meza hututosha. Kifua kikuu hatukioteshi, wala chupa ya damu ya mgonjwa mwenye homa isiyojulikana haifunguliwi kwetu, hata aje nayo profesa gani. Nimeona vyuo vinavyotamani kuitwa vya daraja la tatu la usalama kama watu wanavyotamani vilemba, ilhali otoklevu yao ya kuulia vijidudu kwa mvuke haifungi sawasawa. Kukataa sampuli ni chombo cha usalama kisicho na gharama, nacho hakihitaji umeme.

Na asidhani mtu kwamba maabara za wakubwa zimesalimika. Mwaka 1967 tumbili walioletwa kutoka Uganda kwa ajili ya kazi za chanjo waliwaambukiza wafanyakazi wa maabara huko Marburg na Frankfurt, Ujerumani, na Belgrade, Yugoslavia. Wakaugua watu 31, wakafa 7, na Marburg, mji wa wasomi, ukaachia ugonjwa jina lake. Ugonjwa huo huo ulitufikia Rwanda Septemba 2024, ukawapata watu 66 na kuwaua 15, wengi wa waliougua wakiwa wahudumu wa afya. Ndui nayo ina kisa kinachoniumiza zaidi kwa kuwa ni cha chuo kikuu. Mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya asili alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merka katika pwani ya Somalia, Oktoba 1977, naye akapona. Dunia ikaanza kushangilia. Mwaka uliofuata Janet Parker, mpiga picha wa skuli ya utabibu ya Chuo Kikuu cha Birmingham, ambaye hakuwa mtafiti wa ndui bali chumba chake kilikuwa ghorofa ya juu ya maabara iliyohifadhi kirusi hicho, aliugua, akafa Septemba 1978. Ndiyo maana msimamizi akinionyesha orodha ya watafiti wake waliofundishwa, mimi humwuliza habari za mfagizi, mlinzi wa usiku, na katibu wa ofisi ya jirani.

Sasa klorini, kwa kuwa ndiyo niliyoihitimu. Kwa mikono ni asilimia 0.05, kwa meza na vilivyomwagika ni asilimia 0.5, na anayevichanganya viwili hivi ama ataunguza ngozi ama ataacha vijidudu hai. Ikiwa chupa ya dawa ya kung'arishia nguo imeandikwa asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji hukupa 0.5, na ikiwa unatumia unga wa klorini wa asilimia 70, gramu 7 kwa lita moja hukufikisha hapo hapo. Ichanganye kila asubuhi, uandike tarehe, na iliyobaki jioni imwage, maana klorini ni kama maziwa ya asubuhi, haingoji kesho. Kimiminika kikimwagika, usianze kwa kufuta: waonye watu, toka, acha nusu saa vitone vitue, kisha rudi umevaa, funika kwa karatasi, mimina dawa ukianzia ukingoni kuingia ndani ili usikisambaze, ngoja nusu saa nyingine, ndipo uzoe. Nusu saa hiyo ya pili ndiyo wanafunzi huiiba.

Otoklevu ina kisa chake, nacho ni taksiri yangu mwenyewe. Tulikuwa na ile ya kizamani, sufuria kubwa lenye kipimo cha shinikizo, lisilo na kipimo cha joto, na maelezo yake yalisema ifikapo ratili 15 kwa inchi ya mraba, ndani huwa nyuzi 121, basi hesabu dakika zako. Tukahesabu miaka. Utepe wa kubandikwa ulibadilika rangi kila mara, nami nikaridhika, hata siku moja tulipotia vichupa vya mbegu za bakteria wale wagumu wanaotumika kuijaribu mashine, vikatoka vikiwa na uhai. Nililala nikiamka juu ya jambo hilo, kisha nikakumbuka tulipo. Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,463 juu ya bahari, maji ya chai huku huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na hewa inayokandamiza nje ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Mombasa. Kwa hiyo ratili 15 za kipimo, ambazo pwani huleta nyuzi 121, kwetu huleta 118 tu. Dawa yake ilikuwa kupandisha kipimo hadi ratili 17 na nusu, ambazo kwa bahati chombo chetu kilithibitishwa kuzihimili, kuongeza muda, na kutoshindilia mifuko. Utepe husema kwamba joto limepita. Hausemi kwamba limekaa. Na umeme ukikatika katikati, dakika zilizopita zimepotea, anza upya.

Kuhusu makabati, nitasema neno moja tu, kwa kuwa kosa hili nimelikuta katika maabara zaidi ya tatu: meza ya hewa safi, ile impulizayo mfanyakazi usoni, huilinda sampuli na mtu, wala haimlindi mtu na sampuli. Anayefungulia humo chupa yenye ugonjwa hujipepea ugonjwa wenyewe. Kabla hujaweka mkono, washa, shika uzi mwembamba mbele ya uwazi wa kabati, utazame unavutwa upande gani.

Nirudi langoni. Mwanafunzi wangu mmoja mkaazi wa Goma nilimwambia siku moja aje na maji ya visima vya mtaani kwake, nikasahau kumpa kasha. Akatia mirija sita katika mfuko wa plastiki, akapanga foleni Petite Barrière. Rwanda imeipiga marufuku mifuko hiyo tangu 2008, na hapo mpakani hutwaliwa bila mabishano. Basi mfuko ukatwaliwa kwa haki, naye kijana, kwa utiifu wote, akaitia mirija mifukoni mwa suruali akaendelea na safari. Aliponisimulia huku akicheka, mmoja ulikuwa umelegea kizibo na paja lake limelowa. Hakuugua, alhamdulillahi, lakini aliyemtuma ni mimi. Tangu siku ile hatoki mtu kuchukua sampuli pasipo kasha la tabaka tatu, yaani mrija uliozibwa, ndani ya chombo cha pili kisichovuja chenye pamba ya kunyonya, ndani ya kasha gumu lenye jina na simu, pamoja na barua za idhini za pande zote mbili. Na kasha linamngoja mezani kabla hajaomba.

Tazama pia kwamba alinisimulia. Angelijua kuna adhabu, angeliosha suruali akanyamaza. Kwetu daftari la ajali lipo wazi juu ya meza, na jina la kwanza lililoandikwa ndani yake ni langu, kwa sindano niliyojichoma nikijaribu kuirudishia kifuniko, jambo nililowakataza wengine kwa miaka. Mwaka wa kwanza daftari lilikuwa na mistari miwili, nami nikaogopa. Mwaka wa pili likawa na kumi na minne, nikapumua. Mkuu mmoja aliniuliza mbona ajali zimezidi. Nilimjibu kwamba hazikuzidi, zimeanza kusemwa.

Basi wewe unayesoma na kuna maabara chini ya amana yako, kesho kabla ya kuandika kanuni yoyote, simama mlangoni mwako na kiti cha magurudumu, ukikosa hicho, hata kiti cha kawaida, ukae, na ujaribu kulifikia bomba.