Asilimia 10 ya nini? Kusoma hesabu ya hewa ya ukaa

Mwenye hisa anayesoma katika taarifa ya mwaka kwamba kampuni imepunguza hewa ya ukaa kwa asilimia 10 hana budi kuuliza: asilimia 10 ya nini?

Kipimo chenyewe si kigumu. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa hiyo. Kiwanda kilichochoma lita 200,000 kwa mwaka kimetoa tani 540, na ushahidi umo katika stakabadhi za mafuta. Tuseme mwaka uliofuata uzalishaji ukapanda kwa asilimia 30 na dizeli ikafikia lita 234,000. Kwa kila tani ya bidhaa, hewa imepungua kwa asilimia 10. Kwa jumla imeongezeka kwa asilimia 17, hadi tani 632 hivi. Kampuni inayopenda sifa itachapa tarakimu ya kwanza tu.

Mwongozo wa Greenhouse Gas Protocol, uliotolewa mwaka 2001, unagawa hesabu mafungu matatu: mafuta yanayochomwa na kampuni yenyewe, umeme inaonunua, na yanayotokea kwa wauzaji, wasafirishaji na wateja wake. Fungu la tatu mara nyingi ndilo kubwa, na ndilo rahisi kuachwa.

Tangu Oktoba 2023 Umoja wa Ulaya unawataka waagizaji wa saruji, chuma, alumini na mbolea kueleza hewa iliyotokana na utengenezaji wake. Kiwanda kisicho na hesabu hukadiriwa na wengine.

Kupunguza huanzia pale panapovuja fedha: jenereta zinazonguruma bila kazi, mabomba ya mvuke yaliyotoboka, malori yanayorudi matupu. Akiba hiyo huonekana kwanza katika hesabu ya faida na hasara.