Mafunzo Niliyopata Nikibeba Magongo ya Kulengea

Kazi yangu katika Pori la Akiba la Rungwa ni kusoma nyayo na kubeba magongo matatu ya kuegemezea bunduki. Sheria ya Tanzania hairuhusu kumpiga mnyama kutoka ndani ya gari, hivyo mwindaji hushuka na kutembea juani hadi amfikie nyati, kifua kikimpanda na kushuka. Hapo ndipo nilipojifunza haya.

1. Bunduki hutulizwa na mifupa na ardhi. Nimeona wanaume wenye misuli ya kutisha wakilenga bila egemeo, mtutu ukachora duara hewani. Msuli huchoka upesi. Mimi huyafunga magongo karibu na ncha za juu kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, ili panda yake ifike chini kidogo ya bega la mpigaji. Akiwa mfupi, natanua miguu ya magongo. Akiwa mrefu, naikusanya. Mkono wa kushoto ushike bunduki na magongo kwa pamoja, kitako kikae barabara begani. Hata hivyo kiwiko cha kulia hubaki kinaning'inia, na wengi hawajui kwamba mtikisiko uliobaki unatoka huko. Risasi ikiwa ya mbali, mimi husimama ubavuni mwa mpigaji, akaweka kiwiko hicho begani kwangu, nami nikaziba masikio.

2. Kabla ya kufyatua, mwambie mpigaji afumbe macho, apumue mara moja, kisha afumbue. Alama ya darubini ikiwa imehama, asiirudishe kwa mikono. Ahamishe miguu.

3. Mtutu usilale moja kwa moja juu ya mti, jiwe au kichuguu. Bunduki ikilipuka hurukia juu kutoka kwenye kitu kigumu, na risasi hupita juu ya ulipolenga. Weka kofia au kiganja katikati.

4. Kadiri unavyokuwa chini ndivyo unavyotulia. Kaa, viwiko viingie upande wa ndani wa magoti, lakini mfupa wa kiwiko usikanyage mfupa wa goti, maana huteleza. Tatizo ni kwamba msimu unapofunguliwa Julai, nyasi za miombo ambako moto haujapita zinamficha mtu aliyekaa. Ndiyo maana magongo hayaachwi kambini.

5. Pumzi haizuiwi kwa nguvu. Toa nusu, tulia, bonyeza triga polepole. Ukikawia, macho huanza kuona ukungu. Pumua upya na uanze tena.

6. Mbung'o atakuuma shingoni wakati huohuo. Mwache.

7. Ukishapiga, usiinue kichwa kutazama. Ingiza risasi nyingine ukiwa bado kwenye magongo. Nyati huweza kupigwa vizuri na bado akakimbia, na risasi ya pili ndiyo inayotuepusha kumfuata kichakani, ambako huwa amegeuka kutusubiri.

8. Moyo wa nyati umekaa chini, nyuma ya mguu wa mbele. Alama ikiwa bado inacheza kutoka bega hadi tumbo, teremsha bunduki, hata kama mgeni amelipa nauli ya kutoka Ulaya. Mnyama aliyejeruhiwa akapotea hulipiwa sawa na aliyeuawa.