Prosesa Inajikaba? Ya Kufanya Kabla ya Kuovakloki

Kompyuta ya mezani ikianza kusuasua, hakosekani mjuzi wa kukwambia uiovakloki, yaani uipandishe kasi kupita ile ya kiwandani. Mwaka 1998 angekuwa na hoja. Celeron 300A ya Intel iliuzwa kama prosesa ya megahezi 300. Wajanja walipandisha kasi ya basi kutoka megahezi 66 hadi 100, ikafika 450 bila jasho. Siku hizi kiwanda hakikuachii chenji nene kiasi hicho. Intel ilileta Turbo Boost mwaka 2008, AMD nayo ina Precision Boost, na kwa teknolojia hizo prosesa hujipandisha kasi yenyewe kila joto na umeme vinaporuhusu. Kasi unayoitafuta huenda umeshailipia, ila kuna kitu kimeibana. Tumsake mbanaji.

1. Soma namba zote mbili

Core i5-6500, iliyomo kwenye kompyuta nyingi za ofisi za mtumba, ina gigahezi 3.2 za msingi na 3.6 za juu. Ryzen 5 5600X ina 3.7 na 4.6. Namba ya kwanza ndiyo ahadi ya kazi ndefu. Ya pili ni kilele, na hufikiwa zaidi pale kiini kimoja au viwili tu vinapofanya kazi. Ukirenda video kwa viini vyote na kilele kisionekane, hujaibiwa.

2. Pima kwanza, gusa baadaye

Pakua HWiNFO, ni ya bure. Iache wazi huku ukiendesha Cinebench, programu ya kuipima prosesa kwa kazi nzito, kwa dakika kumi, na macho yako yakae kwenye joto, kasi na wati.

Joto likigonga nyuzi 100 kwa Intel nyingi, au 90 hadi 95 kwa Ryzen nyingi, na kasi ikaporomoka papo hapo, prosesa inajikaba ili isiungue. Hiyo ni kinga ya kiwandani. Usitafute namna ya kuizima. (Ryzen kubwa za mfululizo wa 7000 zimeundwa kufika nyuzi 95 zikibebeshwa kazi nzito, basi usipige yowe mapema.)

Joto likiwa 65 tu na kasi bado inashuka, nenda namba 5. Na kama kasi imeganda chini ya gigahezi moja ilhali prosesa imepoa kabisa, mshuku mtoa umeme. OptiPlex Micro za Dell, vile visanduku vidogo vinavyotumia adapta ya nje, huitambua adapta yake. Ukiipa isiyotambulika, hutoa onyo wakati wa kuwaka, kisha hujipunguza kasi hadi unatamani kulia. Hapo mipangilio haitasaidia. Nunua adapta sahihi.

3. Vumbi, pesti, hewa

Hapa ndipo wengi wetu tunapopona, na ndipo tunapopapuuza kwa sababu hapana ufahari.

Majaribio mengi unayoyaona mtandaoni hufanyika kwenye vyumba vya nyuzi 20 na kitu. Wewe uko Tanga au Mombasa, Februari, chumba kina nyuzi 32. Joto la chumba hujumlishwa karibu lote kwenye joto la prosesa: iliyokaa nyuzi 75 kule itakaa karibu 87 kwako, kwa kazi ileile na feni ileile. Ongeza blanketi la vumbi kwenye kipozeo, halafu sukuma boksi zima ndani ya kabati la meza lililozibwa nyuma. Prosesa ifanyeje?

Toa boksi kabatini. Puliza vumbi kwa bloa ukiwa nje, na uzuie mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke ovyo. Kama mashine ina miaka mitano na haijawahi kufunguliwa, pesti iliyo kati ya prosesa na kipozeo huenda imekauka. Ifute kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, weka mpya ya ukubwa wa punje ya njegere, basi. Anayepaka kama siagi kwenye mkate anaharibu pesti.

Tahadhari mbili za fundi. Vipozeo vya kiwandani vya Intel vyenye pini nne za kubonyeza hupenda kudanganya: pini tatu zimeingia, ya nne inaning'inia, na kipozeo kimekaa upande. Kwa Ryzen za soketi ya AM4, washa kompyuta dakika kadhaa ili pesti ilainike, izime na uchomoe waya wa umeme, kisha zungusha kipozeo taratibu kabla ya kukivuta. Ukikinyofoa kwa nguvu, prosesa inaweza kutoka nacho, pini zimepinda.

4. Ile asilimia 99

Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows kuna kipengele kinachoitwa "Maximum processor state". Kikiwa 99, busti, ile kasi ya kujipandisha yenyewe, kwa kawaida huzimika kabisa. Huenda mtu alikiweka hivyo kupunguza joto, akaiuza mashine, ukainunua wewe. Kirudishe 100. Ila ujanja huo uukumbuke: siku ya joto kali, kama unaandika barua tu, 99 itakupa mashine tulivu na hutaona tofauti.

5. Mipaka ya wati

Intel huweka mipaka miwili: PL1 ya muda mrefu na PL2 ya muda mfupi. Core i9-10900K ina wati 125 na 250, na ile ya juu inaruhusiwa kwa sekunde 56. Ndiyo maana jaribio la nusu dakika hukupa alama za kujivunia, kisha video ya saa nzima ikajikokota. Mazabodi nyingi za wacheza gemu hulegeza mipaka hii bila kukuuliza. Za ofisi huikaza na kufunga mlango. Upande wa AMD, prosesa iliyoandikwa wati 105 huruhusiwa kuvuta hadi 142 kwenye soketi.

Kama kipozeo chako ni cha kawaida, ushauri wangu ni kuishusha mipaka, au kuwasha Eco Mode kwenye Ryzen. Wati za mwisho ndizo ghali kuliko zote: zinaleta joto jingi na kasi kiduchu.

6. Punguza volti

Umeme unaotumika hupanda kwa kipeo cha pili cha volti. Kutoka volti 1.2 hadi 1.3 pekee ni ongezeko la takriban asilimia 17. Sasa ligeuze: ukishusha volti kidogo, joto linashuka, na busti inapata nafasi. Kwa Ryzen 5000 na zilizofuata, nyingi zina Curve Optimizer kwenye bayosi. Anza na hasi 10, kisha tumia mashine siku kadhaa, hata kwa kazi nyepesi, kwa sababu kosa la volti ndogo hupenda kujitokeza mashine ikiwa imetulia.

7. Bado unataka kuovakloki?

Hakikisha inawezekana. Kwa Intel unahitaji prosesa yenye herufi K na mazabodi ya Z. Kwa Ryzen, mazabodi ya A320 haikubali. Kompyuta ya ofisi, isahau. Kama inawezekana, panda hatua moja moja na ujaribu kila hatua kwa OCCT, programu ya kupima uthabiti.

Kabla ya hapo, angalia RAM. Iliyoandikwa 3200 huweza kuwa inatembea 2400 kwa sababu hakuna aliyewasha XMP, mpangilio wa kasi ya RAM, kwenye bayosi. Ni kubofya mara moja, ingawa watengenezaji wa prosesa huihesabu nayo kama ovakloki.

8. Core i7 na i9 za kizazi cha 13 na 14

Sasisha bayosi kabla ya yote. Prosesa hizi zilikuwa zikijiomba volti kubwa mno na kuharibika taratibu. Intel ilitoa marekebisho ya 0x129 Agosti 2024 na 0x12B Septemba mwaka huohuo, ikaongeza dhamana kwa miaka miwili. Marekebisho huzuia madhara, hayaponyi iliyokwisha kuumia. Hiyo idai chini ya dhamana.

9. Njia ya kurudi

Piga picha kurasa za bayosi kwa simu kabla ya kubadili chochote. Mashine ikigoma kuwaka, chomoa waya wa umeme, toa betri ya CR2032 kwenye mazabodi, subiri dakika chache, irudishe. Bayosi itarudi ya kiwandani, pamoja na saa iliyopotea na XMP iliyozimwa, na hapo ndipo utakapozihitaji zile picha.