Nani Atalipa? Somo kwa Anayeomba Chuo cha Marekani



Ndugu zangu, likizo iliyopita nilikaa siku kadhaa Bugeshi, kule juu kwetu Rubavu, upande wa volkano, ambako ukivuka mpaka wa Kabuhanga umeshaingia Kongo. Usiku mmoja baada ya swala ya Isha mzee jirani alinijia pamoja na mwanawe. Kijana amemaliza kidato cha sita, fizikia, kemia na hisabati, na alama zake ni nzuri, mashaAllah. Anaomba vyuo vikuu vya Marekani. Fomu nzima alikuwa ameijaza isipokuwa swali moja: familia yako inaweza kuchangia kiasi gani kwa mwaka?

Mtu mmoja mjini anayejiita wakala alikuwa ameshampa jibu. Andika dola 25,000, alimwambia, useme mjomba wako mfanyabiashara wa Goma ndiye atakayelipa, na barua ya benki nitakutafutia mimi. Ukiandika sifuri hawatakusoma. Mjomba kweli yupo Goma, ila anauza mitumba chini ya mwavuli. Mzee akaniuliza, "Mwanangu, huu ni uongo, au ndio utaratibu wa huko?"

Sikumjibu papo hapo. Nilimwomba kijana alete karatasi, tukapiga hesabu. Tukichukua dola moja kwa faranga 1,400, dola 25,000 ni faranga milioni 35. Kilo ya viazi kwa mkulima siku ile ilikuwa kama faranga 400. Basi ili kulipa mchango huo mzee angehitaji kuuza kilo 87,500 za viazi kila mwaka, kwa miaka minne, na nyumbani wasile hata kimoja. Mzee alicheka, kisha akanyamaza.

Sasa, wakala hakusema uongo mtupu, na hapo ndipo hatari yake. Vyuo vingi vya Marekani hutazama mfuko wa mwanafunzi wa kigeni wakati wa kuamua. Wakiwa na wanafunzi wawili walio sawa, na mmoja anahitaji dola 80,000 kwa mwaka na mwingine anahitaji 30,000, huyu wa pili ana nafasi kubwa zaidi. Hilo ni kweli. Lakini wakala hakumweleza kijana kinachofuata baada ya kukubaliwa.

Chuo kikishakukubali, kabla hakijakutolea fomu ya I-20, ambayo bila hiyo huwezi kuomba viza ya mwanafunzi, kitataka uthibitisho wa fedha za mwaka wa kwanza: taarifa ya benki na barua ya mdhamini. Ukishapata I-20 utalipa ada ya SEVIS, dola 350, na ada ya viza, dola 185, halafu utasimama mbele ya afisa wa ubalozi pale Kacyiru. Swali lake la kawaida kabisa ni: nani anakulipia, na anafanya kazi gani? Kwa hiyo uongo ulioandikwa mara moja kwenye fomu, utaurudia kwenye karatasi ya benki, kisha utausema kwa mdomo wako mbele ya afisa. Akigundua kwamba umedanganya kwa makusudi ili upate viza, sheria ya uhamiaji ya Marekani inaweza kukufungia mlango maisha yako yote, si kwa mwaka ule tu. Na tuseme usigundulike. Muhula wa kwanza unapita, wa pili bili inakuja, mjomba hana kitu. Uko ugenini, huna ada, na viza yako inategemea uwe darasani.

Hiyo ni hesabu ya dunia. Upande wa dini, kila aliyejaza fomu hizi anajua kwamba mwisho kuna mahali pa kuweka sahihi, unathibitisha kwamba uliyoyaandika ni kweli na ni kazi yako mwenyewe. Hiyo ni shahada. Suratun Nisaa, aya ya 135, inatuamrisha tuwe mashahidi wa haki hata kama ushahidi wenyewe ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu au jamaa zetu, awe tajiri au masikini. Na Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, aliihesabu shahada ya uongo miongoni mwa madhambi makubwa kabisa. Sioni njia ya kuitoa fomu ya chuo nje ya hukumu hiyo kwa sababu tu anayeisoma yuko Marekani.

Nikamwambia mzee: ni uongo, na hata utaratibu wa huko hauutaki.

Kijana akauliza swali la haki: "Kaka, kama nikisema kweli, nani atanichukua?" Hapa ndipo penye kazi. Anayesema kweli kuhusu fedha lazima achague vyuo kwa kufuata ukweli huo. Vipo vyuo vichache ambavyo, hata kwa mgeni, haviangalii uwezo wa kulipa wakati wa kuamua, na ukikubaliwa vinakamilisha hitaji lako lote: Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin ni miongoni mwao. Kwa hivi usijidanganye. Harvard, Yale na MIT huchukua chini ya waombaji 5 katika kila 100. Kuna Berea College, Kentucky, isiyotoza ada ya masomo. Inachukua wageni wachache, na inawatafuta hasa wale wasio na uwezo. Kisha kuna vyuo vidogo vya sanaa na sayansi vinavyotazama mfuko, lakini vina fungu la wageni wachache kila mwaka na hulitoa lote kwa yule vinayemtaka. Huko ndiko watoto wengi wa Afrika Mashariki waliosoma bila fedha walikopitia. Orodha ya kijana wa Bugeshi iwe na aina zote tatu, wala isiwe na chuo kinachotoa punguzo la dola 10,000 kwa bili ya 60,000. Punguzo hilo kwake ni sawa na kukataliwa, ila limekuja na pongezi.

Njia hii si ngeni kwetu. Serikali ya Rwanda ilianza kupeleka wanafunzi wa sayansi Hendrix College, Arkansas, mwaka 2007, na vyuo vingine vikaungana nayo. Majirani zetu Kenya walitangulia sana: Septemba 1959 ndege moja iliondoka Nairobi na wanafunzi 81, kwa jitihada za Tom Mboya, na mwaka uliofuata Wangari Maathai, binti wa kijijini Nyeri, akaenda kusoma biolojia Kansas. Hakuna aliyedai baba zao ni matajiri.

Turudi kwenye fomu. Mkulima asiye na hati ya mshahara anathibitishaje kipato chake? Tulifanya hivi. Tuliandika mavuno ya misimu yote ya mwaka, kiasi kilicholiwa na kiasi kilichouzwa, kwa bei halisi. Tulichukua risiti za ushirika wa viazi. Mzee akaomba barua ofisi ya tarafa ikieleza ukubwa wa shamba na idadi ya wanaomtegemea. Kwenye nafasi ya maelezo ya ziada kijana akaandika sentensi nne tu: baba ni mkulima, hakuna mshahara, mjomba hawezi kulipa, familia inaweza kutoa dola 300 kwa mwaka. Hizo 300 mzee alizitaja mwenyewe, baada ya kufikiri sana. Akakataa tuandike sifuri, kwa sababu sifuri nayo haikuwa kweli.

Na gharama ya kuomba? Vyuo vingi hutoza dola 50 hadi 90 kila kimoja, lakini asiye na uwezo huomba asamehewe, na wengi husamehewa. Ushauri wa EducationUSA, ulio chini ya ubalozi, ni wa bure. Anayekutoza kwa jambo hilo anakuuzia maji ya mvua.

Kwenye insha kijana alikuwa na tatizo la kinyume. Aliyekuwa karibu kutia chumvi kwenye fedha, kwenye nafsi yake alikuwa ameacha patupu. Fomu ya pamoja, Common App, ina nafasi kumi za shughuli za nje ya darasa. Yeye alijaza moja, mpira wa miguu. Nikamuuliza, nani anawasomesha watoto juzuu Amma madrasa siku za Jumamosi? Mimi. Nani anabeba maji asubuhi? Maana udongo wetu wa volkano unameza mvua yote, visima hakuna. Mimi. Nani anamtafsiria mama mpakani akinunua bidhaa kwa Wakongomani? Mimi. Aliona aibu kuyaandika, akidhani ni riyaa. Lakini fomu hiyo ina kipengele maalumu cha majukumu ya familia, na kingine cha kazi ya kipato. Nabii Yusuf, alayhi salaam, alipoomba kusimamia hazina za Misri alitaja sifa zake mbili, uaminifu na ujuzi, wala hakupunguza. Aya ya 55 ya sura yake. Ukiulizwa ulichonacho, kutaja ulichonacho si kujisifu.

Insha yenyewe, maneno 650, aandike mwenyewe. Asiandikiwe na wakala wala na programu ya akili mnemba. Sahihi ni ileile.

Jambo moja dogo linalowaumiza wengi: kuna ombi liitwalo Early Decision, la mwezi Novemba. Ukikubaliwa umefungwa, unaondoa maombi yako kwingine kote. Mwanafunzi, mzazi na shule wote huweka sahihi. Huo ni mkataba, na Suratul Maaida inafunguka kwa amri ya kutimiza mikataba. Unaruhusiwa kujitoa kama msaada wa fedha hautoshi, basi. Early Action haifungi. Usiyachanganye haya mawili.

Nyinyi mnaosoma hapa chuoni mtasema hayo ni ya wadogo zetu. Ndiyo, na msiwape moyo wa kuhamia Marekani katikati ya shahada. Wanaohamia hupata msaada mdogo kuliko wanaoanza. Lakini kwenu mlango ni mpana zaidi kuliko mnavyodhani. Katika sayansi hasa, programu nyingi za udaktari huko hupokea mtu mwenye shahada ya kwanza tu, humlipia ada, na humpa posho kwa kufundisha au kufanya utafiti. Shahada ya pili, kinyume chake, mara nyingi unajilipia, isipokuwa kwa ufadhili kama Fulbright. Hapo wengine hukimbilia kampuni zinazokopesha wanafunzi wa kigeni bila mdhamini. Someni mkataba: ni riba, na inaanza kuhesabiwa mapema. Anayedai kwamba ni dharura amuulize sheikh wake kwanza kama dharura hiyo ipo wakati udaktari wenye posho upo.

Na kwa yeyote atakayefika hatua ya viza: tangu Juni 2025 waombaji wanaagizwa kuziacha akaunti zao za mitandao ya kijamii wazi zikaguliwe. Kanuni hubadilika, soma tovuti ya ubalozi wiki ile ile unayoomba.

Kijana wa Bugeshi ametuma maombi tisa. Mtihani wa Duolingo aliufanyia Gisenyi kwa rafiki, chumba kimefungwa, kwa sababu kwao mtandao ulikatika mara mbili. Majibu yatatoka Machi, inshaAllah. Wakala anamdai faranga 40,000 za barua ya benki ambayo hakuichukua, na mzee amekataa kulipa.

Walio mwaka wa tatu na wa nne, Jumamosi baada ya Alasiri tutakaa msikitini tupitie barua za maombi ya udaktari. Njooni na nakala ya matokeo yenu, na majina ya walimu watatu mnaoweza kuwaomba barua.