JE, KUFA KWA HESHIMA KUNGALIPO KATIKA ZAMANI HIZI?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuhuisha na kufisha. Na rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Husikika barazani, baada ya sala ya Alasiri, wazee kwa vijana wakisema ya kuwa wanaume wa kale walikufa kwa heshima, ama kwa upanga vitani, ama nyumbani mwao wamezungukwa na wana wao. Na ya kuwa mtu wa leo hana fungu katika heshima hiyo. Yeye hufa spitali, mipira puani, amevuliwa nguo na watu asiowajua, ameshindwa kujizuia haja, hatambui usiku wala mchana. Na baadhi yao huongeza neno la khatari, ya kuwa ni bora mtu huyo afupishiwe njia kuliko kufikia fedheha kama hiyo. Maneno haya yataka kupimwa kwa mizani ya sharia, kwani ndani yake mna kweli kidogo na kosa kubwa.

MAS-ALA YA KWANZA: Heshima ya mauti hutokana na nini?

Lau heshima ingalikuwa katika upanga peke yake, Khalid bin Walid angaliikosa. Yeye aliitwa Upanga wa Mwenyezi Mungu, akapigana vita vingi, kisha akafa kitandani mwaka 21 wa Hijra (642). Imepokewa ya kuwa alisikitika kuona mwili wake umejaa makovu naye afa juu ya tandiko. Walakini Waislamu hawakumpunguzia daraja yake hata kidogo kwa sababu ya kitanda hicho.

Na tena Mtume (s.a.w.) alibainisha katika hadithi zilizo sahihi ya kuwa mashahidi si wale wa vitani tu. Aliwataja afaye kwa tauni, na afaye kwa maradhi ya tumbo, na aliyeghariki, na aliyeangukiwa na jengo. Na katika mapokezi mengine akatajwa aliyeungua moto na mwanamke afaye kwa uzazi. Hawa wanavyuoni wa madh-hebu ya Shafii huwaita mashahidi wa Akhera: huoshwa, hukafiniwa na kusaliwa kama maiti wengine, na ujira wao uko kwa Mola wao. Basi watu wa Unguja na Pemba waliopotewa na jamaa zao katika meli ya Spice Islander, iliyozama Septemba mwaka 2011 ikielekea Pemba, ambao wengi wao hata kaburi hawakupata, wasidhani ya kuwa jamaa zao walikufa kifo duni. Kwa kila aliyeghariki akiwa ni Muislamu, yatarajiwa daraja ambayo wengi wafao vitandani mwao hawaipati.

Na lizingatiwe hili la maradhi ya tumbo. Mgonjwa wa tumbo ndiye yule yule ashindwaye kujizuia, achafuaye matandiko, na atupiwaye jicho la karaha na watu. Jambo wanaloliita watu fedheha, Mtume amelihesabu katika ushahidi. Imedhihiri basi ya kuwa mizani ya watu na mizani ya sharia si mamoja.

MAS-ALA YA PILI: Je, maumivu na udhaifu huondoa heshima?

Waswahili husema: Kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana. Neno hili ni zuri likifahamiwa kuwa ni kusubiri na kutolaumu hukumu ya Mwenyezi Mungu. Lakini likifahamiwa ya kuwa augulaye kwa sauti amejivunjia uungwana, hilo si sawa. Mtume (s.a.w.) mwenyewe, mwaka 11 wa Hijra (632), alishikwa na homa kali, akawa akitia mikono yake katika chombo cha maji na kujipangusa uso, na akasema ya kuwa mauti yana sakarati. Na Bibi Aisha alieleza ya kuwa tangu kuyaona hayo hakumhusudu tena mtu kwa kufa kwa wepesi. Ikiwa mbora wa viumbe aliyapata machungu hayo, ni nani basi awezaye kusema ya kuwa machungu ni aibu?

Ama kufunuliwa mwili mbele ya tabibu, hilo lajuzu kwa kadiri ya haja, na mgonjwa hana lawama. Lakini jamaa zake wasikae tu. Wawaombe wauguzi kwa adabu wamsitiri palipo na njia.

Na sala haimwondokei maadamu akili yake ipo. Asiyeweza kusimama husali kwa kukaa. Asiyeweza kukaa, kwa ubavu. Kisha kwa kulala chali. Na akishindwa huashiria kwa kichwa, kisha kwa kope za macho, kisha huipitisha sala moyoni mwake. Mtu aliyelala na mipira puani, macho yake yakisujudu, mtu huyo yumo katika heshima ambayo wafalme hawaijui.

MAS-ALA YA TATU: Kuharakisha mauti, na kuondoa mashine.

Mambo haya ni mawili, na watu huyachanganya.

La kwanza ni kumwua mgonjwa, au mgonjwa kujiua, kwa kukimbia maumivu. Ziko nchi zilizoliruhusu kwa kanuni zao, kama Uholanzi na Ubelgiji mwaka 2002, nao huliita jambo hilo kufa kwa heshima. Kwa Waislamu ni haramu. Imepokewa khabari ya mtu mmoja aliyepigana pamoja na Waislamu kwa ushujaa mkubwa hata masahaba wakamsifu, na Mtume akasema ya kuwa huyo ni mtu wa Motoni. Watu wakastaajabu. Mmoja akamfuata nyuma, akamwona amejeruhiwa sana, ameshindwa kusubiri, akauelekeza ncha ya upanga kifuani pake, akajiua. Huyu alikuwa na upanga, na vita, na sifa za watu. Vyote hivyo visimfae kitu. Hata kuyatamani mauti kwa sababu ya dhara ya dunia kumekatazwa. Mgonjwa huamrishwa aombe apewe uhai maadamu uhai una kheri kwake, na mauti yatakapokuwa na kheri kwake.

La pili ni kuacha dawa isiyotarajiwa kufaa, au kuondoa mashine ya kupumulia. Katika madh-hebu ya Shafii kujitibu ni sunna, si wajibu. Na mashine hizi hazikuwako zamani za maimamu. Njia hii ilienea baada ya mwaka 1952, maradhi ya kupooza yalipoushika mji wa Copenhagen, na wanafunzi wa udaktari wakawa wakiwapulizia wagonjwa pumzi kwa mikono yao usiku na mchana. Wanavyuoni walikutana Amman Oktoba 1986 katika Baraza la Fiqhi la jumuiya ya nchi za Kiislamu, wakahukumu ya kuwa kazi zote za ubongo zikisimama kabisa, na matabibu wajuzi wakathubutisha ya kuwa hazitarudi, yafaa mashine iondolewe, ijapokuwa moyo ungali ukienda kwa nguvu za mashine. Na Baraza la Makka mwaka 1987 likakubali kuondoa, walakini likasema asihukumiwe kuwa amekufa mpaka pumzi na moyo visimame baada ya kuondolewa. Basi jamaa wa mgonjwa wa namna hiyo asijione kuwa ni mwuaji, wala asiuze shamba la mayatima kununua pumzi za mashine.

MAS-ALA YA NNE: Heshima iliyo mikononi mwa aliye hai.

Mahali pa kufia mtu hapachagui. Liko analolichagua, nalo ndilo wengi wanalolipuuza.

Sayyidna Umar alichomwa jambia katika sala ya Alfajiri, mwaka 23 wa Hijra (644). Hali damu yamtoka, alimwamuru mwanawe Abdullah ahesabu deni lake, likaonekana kama 86,000, akamweleza litakavyolipwa. Kisha akamtuma kwa Bibi Aisha kuomba idhini azikwe pamoja na sahibu zake wawili, akamkataza asimtaje kwa jina la Amiri wa Waumini. Na akausia ya kuwa atakapokufa idhini iombwe mara ya pili. Na Sayyidna Abubakar kabla yake aliagiza akafiniwe kwa nguo yake kuukuu pamoja na nyengine mbili, kwani mpya yamstahikia zaidi aliye hai.

Je, mtu wa leo hufanyaje? Hufa na deni halikuandikwa, amana za watu hazijulikani, na ndugu hawasemezani. Kisha hupikiwa pilau siku tatu kwa mali ya warithi ambao baadhi yao ni watoto wadogo, na mdai yuko mlangoni. Hiyo ndiyo fedheha ya mauti. Si mipira ya spitali.

Na walio karibu wana wajibu wao. Anayekata roho hulazwa ubavu wa kulia, akaelekezwa Kibla, na hutamkiwa shahada kwa upole pasi na kumhimiza; na ni bora mtamkaji asiwe mrithi wala hasidi. Akisha kufa hufumbwa macho, hufungwa taya, hufunikwa. Na mwoshaji akiona baya hulisitiri.

Katika mwaka 2020 Serikali ya Sri Lanka ilichoma kwa nguvu maiti wa maradhi ya korona, na Waislamu miongoni mwao, hata amri ikaondolewa Februari 2021. Madhalimu waliuvunjia heshima mwili; daraja ya marehemu kwa Mola wake hawakuifikia.

Basi, ewe ndugu Muislamu, kufa kwa heshima kungalipo, na mlango wake haukufungwa na zamani wala na spitali. Andika deni lako leo, rudisha amana ya mtu, mwendee ndugu uliyemkasirikia. Mwenyezi Mungu atujaalie mwisho mwema. Amin.

Wallahu aalam.